Dawa Ikishinda Majaribio, Itafika Zahanati Yetu Lini?

Kila mkata miwa anajua kwamba muwa uliokatwa hauna subira. Ukilala juani siku mbili tatu, sukari yake hupungua, na kiwanda hupata makapi mahali pa sukari. Mchuma chai naye anajua kwamba jani lililochumwa leo halina budi kufika kiwandani leo. Ndiyo maana hakuna meneja anayetuamuru tushike panga au kikapu kabla hajajua trekta ngapi zitakuja, nani ataziendesha, na kama mashine ziko tayari. Njia ya mali hupangwa kabla mali haijavunwa.

Sisi wa chama hapa Uganda tunauliza swali moja, na tunaomba ndugu zetu wa Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo waliulize pamoja nasi. Ikiwa njia ya sukari na chai hupangwa mapema namna hiyo, kwa nini njia ya dawa haipangwi? Dawa hujaribiwa katika hospitali zetu na katika miili ya watoto wetu. Majaribio yakiisha, habari njema hutangazwa. Kisha miaka hupita, na nesi wa zahanati ya shamba bado anatumia dawa ile ile ya zamani. Muwa umekatwa, trekta haijulikani iko wapi.

Wako watakaosema haya ni mambo ya madaktari, chama cha wafanyakazi yanakihusu nini? Yanatuhusu sana. Anayeugua malaria katika kambi za mashamba ni mfanyakazi na mtoto wa mfanyakazi. Ndugu zetu wanaoteremka kutoka milima ya Kigezi kuja kukata miwa huku chini hutoka mahali penye baridi na mbu wachache, na miili yao haina kinga waliyo nayo wenyeji. Wakishikwa na malaria, hushikwa vibaya. Basi yafaa tuelewe jinsi dawa inavyosafiri, na mahali inapokwama.

Kwanza, majaribio ni nini? Watu wenye ugonjwa mmoja hugawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa mpya, la pili hupewa dawa inayotumika siku zote. Halafu huhesabiwa waliopona na waliokufa. Ni kazi ya haki, na bila hiyo kila muuza dawa angetuambia yake ndiyo bora. Sisi hatupingi majaribio. Tunachopinga ni kukaa mikono kifuani mpaka hesabu ikamilike, ndipo watu waanze kuulizana kitafuata nini.

SINDANO ILIYONGOJA MIAKA

Tuchukue malaria kali, ile inayomtia mtu degedege au kumfanya asijitambue. Miaka mingi dawa yake ilikuwa kwinini ya dripu. Wengi wetu tumelala chini ya dripu hiyo. Hutundikwa kwa saa nne, mara tatu kwa siku, na nesi hana budi kuiangalia, maana ikiingia mbio mgonjwa yumo hatarini.

Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar. Wagonjwa walikuwa 1,461. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa kwinini walikufa 22. Kati ya kila 100 waliopewa sindano ya atesuneti walikufa 15. Sindano hiyo hudungwa kwa dakika chache tu, hurudiwa baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza vidonge.

Lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa watu wazima, na ikasemwa kwamba watoto wa Afrika wanahitaji majaribio yao. Sawa, hilo lilikuwa la haki. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2010 majaribio yakafanywa kwa watoto 5,425, katika hospitali 11 za nchi 9 za Afrika. Uganda ilikuwamo, kwa hospitali ya Mbarara. Kenya ilikuwamo, kwa Kilifi. Tanzania ilikuwamo, kwa Korogwe na Muheza, nchi ya mkonge ambako ndugu zetu wa mashamba wanafahamika sana. Rwanda na Kongo nazo zilikuwamo. Makundi mawili yalikaribia kulingana kabisa. Katika kundi la kwinini walikufa watoto 297. Katika kundi la atesuneti walikufa 230. Wote ni watoto wa watu, na tofauti ni watoto 67.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likatoa agizo: mtoto mwenye malaria kali apewe atesuneti, si kwinini. Je, sindano ilifika zahanati mwezi uliofuata? La hasha. Mpaka mwishoni mwa mwaka 2010 ndipo kiwanda cha kwanza, cha huko China, kilipopata kibali cha ubora cha Shirika hilo. Bei ya dawa ilizidi ya kwinini. Bohari zilijaa kwinini iliyokwisha kununuliwa. Miongozo ya matibabu ilibadilishwa nchi moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake. Wauguzi waliofunzwa dripu hawakuwa wamefunzwa sindano. Mwaka 2013 ndipo shirika la Unitaid lilipotoa fedha kwa mpango wa kuiingiza dawa hii katika nchi 6, Uganda, Kenya na Malawi zikiwa miongoni mwao.

Sasa, ndugu, tafakarini. Katika vizuizi hivyo vyote, kipi hakikujulikana mwaka 2005? Kwamba dawa inataka kiwanda chenye kibali, ilijulikana. Kwamba nesi anataka mafunzo, ilijulikana. Kwamba serikali hupanga bajeti mwaka kabla ya mwaka, ilijulikana. Miaka mitano ya kuhesabu wagonjwa ingekuwa pia miaka mitano ya kutengeneza njia. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Na ucheleweshaji huo haukuishia katika ofisi za miji mikuu. Katika shamba moja tulilozuru, maboksi ya sindano yalikuwa kabatini, na nesi wa zamu ya usiku bado alikuwa akitundika kwinini. Hatumlaumu nesi. Dozi ya atesuneti hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, na hakuna aliyemfunza hesabu yake. Zaidi ya hayo, zahanati haikuwa na mizani. Shamba linayo mizani ya kupimia majani ya chai, kilo kwa kilo, na hata nusu kilo mnyapara haisamehe. Lakini mizani ya kumpimia mtoto mgonjwa haikuwapo. Dawa ilikuwa imefika, matibabu hayakufika.

DAWA BILA BARABARA

Kisa cha pili kinafundisha zaidi. Iko namna nyingine ya atesuneti ambayo mtoto huwekewa kwa njia ya haja kubwa. Imekusudiwa watoto wa vijijini walio mbali na hospitali, ili wapate kitu cha kuwashikilia wakiwa njiani. Ilijaribiwa Bangladesh, Ghana na Tanzania, na matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kwa wagonjwa ambao safari yao ilipita saa sita kabla ya kufika zahanati, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kwa nusu. Ilikuwa habari kubwa.

Kisha dawa ikapelekwa katika kazi ya kila siku. Kati ya mwaka 2018 na 2020 ilifuatiliwa katika sehemu za Uganda, Kongo na Nigeria. Iligawiwa kwa wahudumu wa afya wa vijijini, na watu wakatazamia vifo vishuke. Havikushuka. Dawa ilikuwa ile ile, lakini mambo yaliyoizunguka hayakuwa yale. Watoto wengi hawakufikishwa hospitali baada ya kuwekewa, ama kwa kukosa usafiri, ama kwa sababu mtoto alionekana kupata nafuu na wazazi wakarudi nyumbani. Wengine waliofika hawakupewa matibabu kamili, sindano na baadaye vidonge vya kumaliza vimelea. Mwanzoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi zisiendelee kuisambaza dawa hiyo mpaka mambo hayo yatengenezwe, na mwaka 2023 likatoa maelezo ya namna ya kuitumia ipasavyo.

Somo ni nini? Dawa hii peke yake haiponyi. Ni ya kumsogeza mtoto mpaka hospitali. Anayepanga dawa bila kupanga gari, amepanga nusu ya kazi. Na sisi tunaoishi katika kambi za mashamba tunajua gari liko wapi usiku: limefungiwa katika yadi ya kampuni, na ufunguo uko kwa bwana aliyelala. Hilo si jambo la daktari. Hilo ni jambo la mapatano kati ya chama na mwajiri.

CHANJO MBILI, NJIA MBILI

Tusiseme mabaya tu. Unao pia mfano wa kazi iliyopangwa mapema, nao unaonyesha kwamba yawezekana.

Chanjo ya kwanza ya malaria, iitwayo RTS,S, ilijaribiwa kuanzia mwaka 2009 kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji zikiwamo. Matokeo kamili yalitoka mwaka 2015. Hapo yakaulizwa maswali mazuri: je, mama atamleta mtoto mara nne? Je, chanjo ni salama ikitumiwa na watu wengi? Lakini kazi ya kuyajibu, huko Malawi, Ghana na Kenya, ilianza mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021. Hata hapo dozi zilikuwa chache, zikabidi zigawanywe kwa nchi 12 kama posho ya siku za njaa. Na katika nchi tatu zile, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13. Basi kila mwaka uliopotea ulikuwa na gharama yake, nayo haikulipwa kwa fedha.

Chanjo ya pili, R21, ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na kampuni ya Serum Institute ya India. Majaribio yake ya mwisho yalifanywa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Hapa kiwanda hakikungoja kibali ndipo kianze kutafuta mashine. Kampuni ilijiandaa mapema, ikasema inaweza kutoa dozi milioni 100 kwa mwaka, kwa bei ya kati ya dola 2 na 4 kila dozi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Oktoba 2023. Mwezi Mei 2024 shehena ya kwanza ilifika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwezi Julai watoto wa Ivory Coast wakaanza kuchanjwa. Hapa kwetu Uganda chanjo ilizinduliwa Apac mwezi Aprili 2025, kwa wilaya 105. Linganisheni wenyewe kasi ya chanjo hizi mbili.

Tusidanganyane, kampuni hiyo haikufanya sadaka. Ilijiandaa kwa sababu inauza. Lakini kama mwenye mali aweza kupanga kwa ajili ya faida yake, serikali, watafiti na vyama vyetu waweza kupanga kwa ajili ya uhai wa watoto.

HOJA ZA WANAOPINGA

Iko hoja kwamba si busara kupanga kabla ya kujua kama dawa inafaa, maana ikishindwa gharama imepotea. Tunajibu hivi. Hatusemi dawa inunuliwe kabla ya ushahidi, wala mgonjwa apewe kisichothibitishwa. Hilo tungekuwa wa kwanza kulikataa. Tunasema yajulikane mapema yale yanayojulikana: idadi ya wanaohitaji, friji iliyopo na isiyopo, nani atamfunza nesi, mwongozo utaandikwa na nani, na fedha zitatoka kifungu gani. Kuhesabu hakugharimu sana. Na dawa ile ikishindwa, mizani, friji na nesi aliyefunzwa havipotei, vitafaa kwa dawa ijayo.

Hoja ya pili ni ya waajiri: afya ni kazi ya serikali. Ni kweli, serikali ina wajibu wake, nasi tunaidai. Lakini mwajiri ndiye aliyetuweka katika kambi kando ya kinamasi, ndiye anayepanga zamu, ndiye mwenye gari. Kwa hayo matatu hawezi kunawa mikono.

Hoja ya tatu: wafadhili watatoa. Mwaka 2025 Marekani ilitangaza kusitisha fedha zake kwa Gavi, mfuko unaozisaidia nchi zetu kununua chanjo. Fedha ya mgeni huondoka na mgeni. Mpango usiosema nani atalipa baada ya mfadhili si mpango.

TUFANYE NINI?

Ndugu wafanyakazi, malalamiko peke yake hayajengi nyumba. Tunapendekeza kila kamati ya tawi ichukue hatua zifuatazo.

Kwanza, watafiti wakija kufanya mkutano katika kambi au kijiji kuomba watu waingie katika majaribio, mwakilishi wetu asimame aulize maswali matatu: Dawa ikifaulu, nani atalipa? Nani atawafunza wauguzi wa hapa? Na itafika zahanati hii lini? Majibu yaandikwe katika kitabu cha tawi. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani linasema tangu kabla ya majaribio yapangwe matibabu ya walioshiriki watakaoendelea kuihitaji dawa. Hilo ni jema, lakini linamtaja aliyeshiriki, halimtaji jirani yake. Kumsemea jirani ni kazi yetu.

Pili, katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa hali bora za kazi, tudai zahanati ya shamba ifuate mwongozo wa sasa wa Wizara ya Afya, na kila mwongozo unapobadilika, nesi apelekwe mafunzo na vifaa vinunuliwe ndani ya muda uliotajwa. Muda usiotajwa hauna mwisho.

Tatu, liwepo gari la wagonjwa usiku na mchana, na ufunguo wake ukae kwa mlinzi wa zamu.

Nne, na hili tunalitilia mkazo: chanjo ya malaria hapa Uganda hutolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Ni safari nne. Mama wa kazi ya kipande akienda kliniki hupoteza ujira wa siku. Safari tatu za kwanza atajikaza. Ya nne, mtoto akiwa mzima anatembea, anaona ni heri alipwe. Tudai siku hizo nne ziwe za malipo, kwa mama au kwa baba atakayempeleka mtoto. Chanjo imevuka bahari kutoka India mpaka wilayani. Itakuwa aibu ikishindwa kuvuka lango la shamba kwa sababu ya ujira wa siku moja.

Tano, vibarua wahesabiwe. Wengi wao hawamo katika daftari, na wako waliovuka mpaka kutoka Rwanda, Burundi na Kongo. Dawa hupangwa kwa hesabu. Asiyehesabiwa hapangiwi, na mbu haulizi kitambulisho.

Tunajua wako watakaotuambia tungoje wakubwa waamue. Tumekwisha kungoja vya kutosha. Majaribio ya dawa yanaendelea hata sasa katika nchi zetu, na mengine yataanza mwakani. Kila mkutano wa tawi wa mwezi huu uliweke jambo hili katika ajenda, na kila katibu alete orodha ya kile ambacho zahanati yake inacho na isicho nacho: mizani, friji, sindano, nesi aliyefunzwa, gari. Orodha hizo ndizo tutakazoingia nazo katika chumba cha mapatano.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.